Nyuki wa Somo la Nyuklia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Habari njema! Kituo chetu hapa Kanyenye, kinachoandaa vijana wanaotaka uofisa wa jeshi la majini, kimepata somo jipya: nishati na nyuklia. Bahari iko mbali, lakini sayansi haidai pwani. Ijumaa Kapteni mstaafu Justus anakuja kuchagua mwalimu. Tuko wawili, mimi na Veneranda. Veneranda ana shahada ya fizikia. Mimi nina mbinu.

Jumanne, 10 Juni
Veneranda atatumia dhumna. Kete moja inaangusha nyingine mpaka mwisho wa meza. Nimemcheka. Kaniuliza, na wewe Mwalimu Adinani una nini? Nikamwambia asubiri aone. Sina kitu.

Jumatano, 11 Juni
Nimepata! Nyuki! Mmoja akiuma, harufu ya sumu yake huita wenzake. Nao wakiuma, huita wengine zaidi. Ndivyo kiini cha urani kinavyopasuka na kupasua vya jirani. Nimekwenda Ipuli kwa Mzee Yahaya, mrina asali. Shikamoo, marahaba, nikaomba mzinga. Akanipa, akasema moshi kwanza, mzinga baadaye, na mlango wa darasa usifungwe kamwe. Wazee wana maneno mengi. Mke wangu Mwanne kaniomba nivue pete mapema, kidole kisije kikavimba nayo. Dharau!

Ijumaa, 13 Juni
Kapteni kafika, suti imepigwa pasi hadi inakata. Dhumna zimeanguka vizuri. Makofi. Zamu yangu. Nimefunga mlango ili nishati isipotee. Nimeeleza kwamba moshi ndio kidhibiti cha mtambo wa nyuklia, tutautumia mwishoni. Kisha nikaugonga mzinga kwa rula. Mara moja tu!
Nyuki wa kwanza: sikio langu. Wa pili: langu tena. Baada ya hapo sikuhesabu. Kienge cha majani makavu cha kutoa moshi kilikuwepo. Kiberiti kilikuwa nyumbani. Mlango uling'oka. Wanafunzi thelathini nje kwa sekunde kumi na moja, Kapteni akiwatangulia. Veneranda aliruka dirisha.

Jumamosi, 14 Juni
Jicho moja limefunguka. Kapteni, mdomo kama andazi, kawauliza wanafunzi kiini kimoja kinawezaje kulipua maelfu. Wote wamejibu bila daftari. Kacheka hadi kashika shavu. Uamuzi: nyuklia afundishe Veneranda. Mimi nifundishe kuhama meli wakati wa hatari. Anasema miaka thelathini jeshini hajaona watu wakitoka upesi namna ile. Veneranda kaniletea barafu, akasema pole sana, Mwalimu Mzinga.
Ushindi! Lakini watu hawahami meli bila sababu. Jumatatu nitawapa: mionzi, kitu kisichoonekana ila kinapenya kila mahali. Shomari wa sokoni kanipimia debe zima la pilipili kichaa kavu. Nitaichoma darasani, kidogo tu. Veneranda nimemwekea kiti cha mbele.