Rangi ya Holi kwenye kilio cha Muzee Kambale

Leo nimepata aibu mbele ya kartie nzima, mtaa wetu wote. Nawaambia mwenyewe, maana kesho mutasikia vibaya.

Asubuhi patroni wangu, Muhindi mwenye duka ninamouza vitambaa, alitualika wafanyakazi wake nyumbani kwake. Kwao leo ni Holi, sikukuu ya kukaribisha majira mapya. Wanapakana rangi za unga, wanamwagiana maji, wanakula vitamu, na waliokosana wanasameheana. Nilienda kusalimia tu. Nilikuwa tayari nimevaa shati jeusi, kwa sababu mchana nilipaswa kufika Ndosho kwenye kilio cha jirani yetu, Muzee Kambale. Majirani walikuwa wamenichagua niseme neno la kumuaga.

"Patroni, niko na kilio," nikamwambia.

"Pole sana. Basi shati hatuligusi."

Na kweli hawakuligusa. Mke wake alinimwagia unga mwekundu kichwani, taratibu, kama anabariki mutoto. Nikanawa uso, nikakung'uta nywele, nikapanda moto, pikipiki ya abiria. (Kioo sikutafuta. Cha nini?)

Kilioni mvua ikaanza. Nikasimama kusema, chini ya turubai lililotoboka.

"Muzee wetu alikuwa mutu wa amani..."

Matone yakaniangukia kichwani. Watu wakanikazia macho. Nikafikiri maneno yanawagusa, nikaongeza sauti.

Mama mumoja akasema, "Anatoka damu."

Katika muji huu tunajua kulala chini haraka. Viti vikaanguka, wote wakalala juu ya mawe, wakidhani ni risasi. Na mimi nikalala, nikitafuta kwa macho ni nani amepigwa. (Alikuwa ni mimi.)

Mjane, Mama Kavira, ndiye aliyetambaa mpaka kwangu. Akanipangusa paji la uso na kitenge chake, akanusa.

"Hii si damu. Ni nini?"

"Ni Holi, mama."

Nikamueleza pale pale chini: rangi, maji, kusameheana. Mabega yake yakaanza kutetemeka, nikajua nimemuliza. Kumbe anacheka. Tangu bwana yake afe, hakuwa amefungua kinywa hata kwa chakula.

"Muzee angecheka mpaka akohoe," akasema. Kisha akalia kabisa, wanawake wakamushika.

Alipotulia, akanigeukia. "Simama, umalize."

Nikamaliza, uso mwekundu, watu wameinamisha vichwa. Sijui nani alikuwa anaomba na nani alikuwa anaficha meno.

Wenye mulinipiga picha pale kilioni, najua muko humu kwenye grupu yetu. Mungoje kwanza tumuzike muzee, halafu mucheke polepole.