Silia Zangu na Mizani ya Nesi

Jumatatu, 3 Machi

Mizani! Nesi amekuja leo. Kazi yake ni kupima wanene wa mtaa huu, nami nilikuwa fahari yao. Nilikuwa. Sasa nguo zinanipwaya, mkanda umekwisha matundu. Tarumbeta, jirani yangu wa ukuta mmoja, alipungua mwezi uliopita. Akapongezwa, akapigiwa makofi, na nesi hakurudi tena kwake. Siku hizi anabishana na redio. Namsikia.

Mimi? Thubutu! Kufuli mfuko wa kushoto, betri za tochi mfuko wa kulia. Nikadai naona baridi, koti halitoki mwilini. Nesi akaguna kwamba Babu huyu hashuki, sijui anaiba chakula cha nani.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimejitetea kisomi. Sikufundisha biolojia maisha yangu yote bure. Nikamweleza nesi kwamba seli za ubongo zina silia, kinyweleo kimoja kimoja kisichoonekana kwa macho, na hapo ndipo hupokelewa habari kwamba mwili una akiba ya kutosha. Kinyweleo kikifupika, habari inaishia mlangoni. Mtu anakula tu, maskini, bila kosa. Zangu zimefupika, nikasema. Jambo la kufuatiliwa muda mrefu.

Akacheka mpaka akakaa kitini. Akakaa! Kikombe kizima cha chai! Akasema silia zangu hazina neno, kirefu ni kidomo changu.

Kweli hazina neno. Nakiri hapa, maana muda wa kukiri unayoyoma. Vijiko viwili vitatu vya uji, zinapiga kelele: basi!

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Mshono wa mfuko umeachia nikiwa juu ya mizani. Kufuli sakafuni, kang! Betri zikafuata, moja ikabingirika hadi kwenye kiatu cha nesi. Akanivua koti, akanipima upya. Hakucheka. Akauliza taratibu, Babu, tangu lini unakwisha hivi? Nikajibu, tangu Tarumbeta apongezwe. Akautazama ukuta kitambo.

Akasema kesho ataleta daktari, na yeye mwenyewe atakuja kila siku mpaka mwili urudi.

Kila siku!

Jumanne, 11 Machi

Daktari hakumung'unya maneno: nile, au niage watu. Watu gani? Nesi amenikorogea uji, akanilisha kama mjukuu wake mimi, akaniachia bakuli la pili. Mlangoni akanitia moyo: ukinenepa tu, Babu, tutaagana kwa furaha.

Tutaagana?

Paka wa Tarumbeta amepitia dirishani. Huyo ndiye mwenye silia fupi. Bakuli la pili linang'aa.