Kumi Juu ya Kumi

Jumatatu, 3 Machi
Bosi wa karakana ameniita. Mlango nilioutengeneza wiki jana unamfika mteja kifuani. Kasema niende darasa la wanywaji pale zahanati, wiki mbili, nimletee barua ya muuguzi. Bila hiyo nisikanyage karakana. Mke wangu kasema naye anaisubiri. Sanduku lake liko wazi kitandani. Sawa. Barua ni karatasi tu. Kabla ya Ijumaa ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Watu saba, viti vya plastiki, duara. Muuguzi kaeleza kuwa hapa hakuna anayelazimishwa kuacha. Tunajipima utayari tu, moja hadi kumi. Nikasema kumi. Nikasimama kabisa. Dereva mmoja mstaafu kasema tatu. Muuguzi akamgeukia yeye! Kamuuliza kwa nini tatu, si moja. Mzee kajibu kwamba mjukuu wake hataki kupakatwa naye, kwa harufu. Kumi yangu haikuulizwa na mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshuka hadi tatu. Muuguzi kauliza kulikoni. Sikuwa nimeandaa mjukuu. Tukapewa karatasi: huku faida za pombe, huku hasara. Faida nimejaza hadi nyuma. Hasara nimeandika: mlango.

Jumatatu, 10 Machi
Kesho kila mtu aje na ndugu wa kumsemea. Mke kakataa, kasema yeye kasema miaka kumi na mmoja. Namchukua shemeji, kaka yake, mwenzangu wa kupiga maji. Nimemfundisha la kusema: naamka mapema, nasalimia majirani.

Jumanne, 11 Machi
Kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji kaanza vizuri, hadi majirani. Kisha muuguzi kamuuliza yeye mwenyewe yukoje. Kasimulia mahafali ya binti yangu: tulivyolala garini nje ya shule, tukaamka ukumbi unafagiliwa. Kasema binti alikuja akagonga kioo, akasubiri, akaondoka. Hilo la kugonga sikulijua. Shemeji akalia, akaomba kujiunga. Wamempa kiti changu. Nimemalizia somo dirishani.

Ijumaa, 14 Machi
Barua nimepata. Amehudhuria, yasema. Utayari: bado. Nilimsihi muuguzi afute neno moja tu. Kasema niendelee kuja. Bosi kanirudisha kupiga msasa, nisiguse futi ya kupimia. Mke kaisoma, akafunga sanduku. Nikamuuliza binti kama kweli aligonga kioo. Kasema mara tatu. Wote wawili wamehamia kwa shemeji.

Jumapili, 16 Machi
Nyumba kimya. Shemeji siku ya tano hajaonja. Mke wangu anamsifu mchana kutwa, nasikia. Nimelifikiria sana, na kosa nimeliona: nyumba yake imetulia mno. Akirudia chupa, hawatamvumilia, watarejea kwangu. Nimemtumia ujumbe, tukutane baa tuzungumze mambo ya familia. Nimetangulia ili nipange maneno. Hii ni ya nne, na maneno yanakuja vizuri.