Mzee wa Kujuliwa Hali

Refa hakuwa na feni. Hakuwa na dari chini ya mabati yake, wala dirisha linalofunguka, maana aliyelipaka rangi mara ya mwisho alilipaka pamoja na bawaba zake. Hakuwa na mke, Mungu amrehemu. Jirani wa kushoto hakuwa naye, na wa kulia alihamia kwa shemeji yake joto lilipozidi. Hakuwa na jokofu, wala mtungi, wala mti uani. Nywele zilimuaga siku nyingi. Lakini kubwa kuliko yote, Refa hakuwa na umri. Ukimuuliza ana miaka mingapi, anakwambia alianza kuchezesha mpira "kitambo kidogo," na mazungumzo yanaishia hapo.

Masharubu yake yalikuwa meusi ti. Wembe, kinyozi wetu, ndiye aliyejua kwa nini, na kinyozi mwenye adabu hatoi siri za kichwa cha mteja. Tatizo ni kwamba joto la mwaka huu halikuwa na adabu. Kila alasiri mstari mweusi ulianza chini ya pua ya Refa, ukashuka kidevuni, ukaingia kwenye kola, nasi wote tukageuka kutazama barabara kama kwamba kuna kitu kinapita.

Kijiwe chetu ni benchi la mama wa kahawa, kwenye ukuta wa duka la vipuri. Siku hiyo tulikuwa wanne na mama wa tano: Refa, Wembe, Injinia na mimi. Injinia ni fundi wa redio; cheo hicho alijipa mwenyewe. Mimi wananiita Katibu, kwa kuwa nilisoma masomo ya jioni ukubwani nikamaliza, na cheti kimetundikwa sebuleni kwangu kwa yeyote anayetaka kukiona.

Redio ya Injinia ilikuwa ikitoa taarifa ya habari. Joto kali litaendelea. Wananchi wakae kivulini kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, wanywe maji hata kabla ya kusikia kiu, na wawajulie hali wazee wanaoishi peke yao.

"Joto gani hili," akasema Wembe akijipepea kwa taulo la kazini. "Jana mbu kaingia chumbani kwangu, kanizunguka mara moja, katoka kwenda kutafuta upepo."

"Afadhali wewe unatembelewa," akasema Injinia. "Mimi kivuli changu mwenyewe kimegoma kutoka nje. Siku hizi naenda kazini peke yangu."

"Kunyweni kahawa," akasema mama wa kahawa. "Moto huondolewa kwa moto."

"Mama, hiyo si afya, hiyo ni biashara."

"Biashara isiyo na afya utanilipa ukiwa wapi?"

"Ninyi mnacheza," akasema Wembe. "Mimi maji ya barafu siyagusi. Babu yangu alisema yanapasua kifua."

"Babu yako aliiona wapi barafu?"

"Ndiyo maana kifua chake hakikupasuka."

Refa alikuwa ameketi wima kama anasubiri kupigiwa wimbo wa taifa. Hatimaye akasema, "La wazee ndilo la maana. Hao watu wanateseka. Lazima tuwajulie hali."

Tukatazamana. Hapo kijiweni, anayeishi peke yake chini ya mabati alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa anasema.

"Umesema kweli," nikamjibu kwa upole. "Sasa tuanze na nani?"

"Na wewe, Katibu."

"Mimi nina mke."

"Mkeo ndiye kaniambia usiku unahema kama kiwanda."

"Refa," akasema Injinia, "tusizunguke mbuyu. Mzee hapa ni wewe."

"Mimi? Wewe ndiye unayeshika bisibisi mbali na uso ndipo uione ncha yake."

"Hayo ni macho. Mimi mwili wangu wa juzi."

"Juzi ya mwaka gani?"

Wembe akajiondoa mapema. Yeye, alisema, ni mtu wa makamo, na mtu wa makamo kazi yake ni kupeleka wengine hospitali. Injinia akasema uzee si miaka, ni moyo. Mimi nikaeleza kwamba katika uandishi fasaha yapo maneno mzee, mtu mzima na mkongwe, na kwamba mimi nimesimama kwenye la katikati.

Mama wa kahawa akaweka birika chini. "Mnapoteza pumzi. Mzee ni yule ninayemwamkia shikamoo."

"Vizuri," akasema Refa. "Mimi huniamkii."

"Kwa sababu ulinikataza."

Tukacheka, naye akacheka kidogo ili asionekane amefungwa. Lakini uamuzi haukupatikana. Kila mmoja alikuwa tayari kumjulia mwenzake hali, na hakuna aliyekuwa tayari kujuliwa. Mwisho tukakubaliana kwamba kuanzia kesho kila mmoja atapita nyumbani kwa wengine, bila kutaja nani mzee na nani si mzee.

"Saa ngapi?" akauliza Injinia.

"Saa saba mchana," akasema Refa. "Refa hukimbilia palipo na mpira. Ukienda asubuhi utamkuta mtu mzima, utajuaje hali yake?"

Na sisi, watu wenye akili zetu, tukatikisa vichwa tukasema ni kweli.

Kesho yake nilichukua mwavuli. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Wewe baba, redio imesema saa hizi watu wakae ndani."

"Ndiyo maana naenda kuhakikisha kama wako ndani."

Alinitazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyotoboka, akaniachia njia.

Barabara ilikuwa tupu. Mbwa walikuwa wamelala mtaroni ndimi nje, na hakuna aliyejisumbua kunibwekea. Nilipofika kwa Refa nilikuta kufuli mlangoni, na Injinia ameweka sikio kwenye mbao.

"Yuko kimya sana," akaninong'oneza.

"Injinia, kufuli liko nje."

Akalitazama lile kufuli. "Nilidhani labda kafungiwa."

Kabla sijamjibu, Wembe akatokea kwenye kona, shati limemganda. Akamwelekezea Injinia kidole. "Kumbe uko huku. Nimegonga kwako mpaka mkono umevimba. Nilikuwa nataka kuvunja mlango."

"Ungeuvunja ungeulipa."

"Nikaenda kwa Katibu, naye hayupo. Shemeji kaniambia Refa kapita pale, kaulizia hali ya Katibu, kaambiwa Katibu kaenda kwake. Kacheka, kageuka."

"Kanywa maji?" nikauliza.

"Shemeji kamletea glasi. Kasema yuko kazini, hanywi."

Basi tukasimama pale, watu watatu wa kujulia hali, jua la saa saba utosini, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kutokuwepo nyumbani. Injinia akasema kosa ni la mpango. Wembe akasema mpango hauna kosa, wenye kosa ni wagonjwa wasiotulia. Mimi ndiye niliyeuliza swali la maana: kama Refa alitoka kwangu kuja kwake, na Wembe amekuja nyuma yake njia ileile, mbona hakumkuta?

"Kapita uwanjani," akasema Wembe.

Uwanja wa mpira uko nyuma ya nyumba zile. Hauna jani la kivuli, na Refa hajawahi kuuzunguka. Yeye huupita katikati, kwa heshima ya kazi yake. Tukaenda mbio, kama mwendo ule unaweza kuitwa mbio.

Tulimkuta pale katikati penyewe. Alikuwa amepiga goti moja, mkono mmoja juu. Alipotuona akatupungia turudi nyuma.

"Nyuma," akasema. "Nyuma nyote. Mpira wa adhabu."

Injinia akaangua kicheko. "Refa huyu. Hata kwenye moto anachezesha."

Mimi pia nilicheka, siwezi kusema uongo. Nilidhani anatutania kwa kuwa tumepishana njiani. Lakini Wembe hakucheka. Alikuwa ameinama, anatazama mdomo wa juu wa Refa.

"Masharubu," akasema.

"Masharubu yana nini?"

"Makavu. Saa hii, juani hapa, rangi ilitakiwa ifike kifuani. Haijashuka hata tone. Huyu mtu hatoki jasho."

Akamgusa shingoni, akauondoa mkono haraka. Ngozi ilikuwa moto na kavu kama bati lenyewe. Refa akamtazama Wembe na kumwambia, "Namba tano, nilishakuonya." Hapo tukajua kwamba si utani. Alikuwa anawaona watu ambao sisi hatuwaoni.

Tukambeba. Kinyozi alishika mabega, Injinia miguu, mimi nikashika mwavuli juu yake. Duka la Wembe liko ukingoni mwa uwanja, namshukuru Mungu. Tukamlaza sakafuni, penye saruji ya baridi, feni ya ukutani tukaielekeza kwake, mlango na dirisha wazi. Injinia akapiga simu hospitali kuita gari la wagonjwa. Wembe akamvua shati, akaloweka mataulo yote ya wateja, akayaweka shingoni, kwapani na kwenye mapaja, kisha akachukua ile chupa ya kunyunyizia nywele, akaanza kumnyunyizia mwili mzima kama anayemwandaa bwana harusi.

"Mpe maji anywe," nikasema.

"Hajui mdomo wake uko wapi. Yatampalia. Wewe pepea."

Nikapepea. Nilipepea kwa bango la mitindo ya nywele, vichwa vingi vya vijana wazuri vikipita juu ya kichwa kile chenye upara. Injinia alikuwa akimwita jina lake halisi, ambalo mimi nilikuwa silijui. Refa hakuitika. Midomo ilikuwa inatikisika tu.

Gari likaja. Hospitali walimtia maji ya mishipa na kumpoza zaidi, na jioni macho yalianza kumtambua mtu. Muuguzi akaja na karatasi.

"Mgonjwa ana umri gani?"

Tukatazamana. Marafiki wote wale, benchi moja miaka yote hiyo, hakuna aliyejua.

Refa akasema bila kufumbua macho, "Andika mtu mzima."

"Mtu mzima namwona, baba. Dawa zinataka mwaka."

Akamwashiria muuguzi ainame, akamnong'oneza sikioni. Muuguzi akainuka, akamtazama vizuri, akaandika. Injinia alijaribu kuchungulia akafukuzwa wodini.

Refa aliporudi kijiweni alikuwa amepungua, na masharubu yalikuwa na mizizi myeupe. Tulikutana jua likiwa limezama, kama tulivyotakiwa tangu mwanzo. Daktari alimwambia neno moja gumu: asirudi kulala chini ya mabati yale mpaka joto livunjike. Mwili ukishapigwa na jua hivyo, mara ya pili haukupi nafasi ya kubishana. Kwa siku chache alikuwa sakafuni kwa Wembe, kati ya viti, lakini watoto wa Wembe walikuwa wanakuja likizo, hulala palepale, na duka lenyewe mchana, hata na feni, ni tanuri.

"Una binti," akasema mama wa kahawa. "Yuko mji wa milimani, watu wanalala na blanketi. Nyumba ya mawe. Kakuita mara ngapi?"

"Nitampigia simu."

"Kwa simu huwa unamwambia nini?"

Injinia akamjibia. "Anamwambia ana feni mbili."

"Moja ya akiba," akaongeza Wembe.

"Basi simu hapana," nikasema. "Simu inakupa nafasi ya kusikia sauti yake ukadanganya. Tutaandika barua." Nikatoa karatasi na kalamu, na bahasha, maana huwa natembea navyo. "Sema."

Refa akakaa wima. "Andika: Binti yangu, nakuarifu kwamba nitapita huko kikazi."

"Kazi gani?" akauliza Wembe.

"Ya kumjulia hali."

"Huyu hata kaburini ataingia kama mkaguzi."

"Refa," nikasema, "barua ya namna hii huwa na neno naomba. Nalo huwekwa mapema."

"Mimi sijawahi kuomba. Uwanjani nilikuwa naamua."

"Uwanjani tulikuokota," akasema Injinia, na papo hapo akajuta, akajifanya anarekebisha redio.

Mama wa kahawa alijipangusa mikono, akaja kuketi kwenye benchi letu, jambo ambalo halifanyi.

"Binti yako alipokuwa mdogo," akamwambia, "alikuwa anakuarifu kwamba ana njaa?"

Refa akafikiri. "Alikuwa analia."

"Ukamdharau?"

"Nitamdharau vipi? Mtoto wangu."

"Basi na wewe lia kidogo. Karatasi haina macho."

Akanyoosha mkono. Nikampa kalamu. Aliandika mwenyewe, polepole, karatasi juu ya goti, herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika majina ya walioonyeshwa kadi. Alipomaliza akanipa.

"Hebu tazama, Katibu. Kama kuna kosa."

Ilikuwa mistari miwili. *Mwanangu, mzee wako amelemewa na joto. Naomba nije kwako.*

Niliisoma tena, si kwa ajili ya makosa.

"Hakuna kosa," nikasema.

Wembe alitaka kuona. Nikaikunja. Bahasha nayo ilikuwa na visa vyake: kwa jasho la mfuko wangu gundi ilikuwa imejifunga yenyewe, ikabidi mama wa kahawa aishike juu ya mvuke wa birika mpaka ikafunguka. Refa akaitia barua ndani, akaubana mdomo wa bahasha kwa dole gumba, akapita tena na tena, mpaka akaridhika. Kisha akainuka bila kushikwa, akavuka barabara hadi kwenye gari la vifurushi lililokuwa linapakia mzigo wa milimani, akamkabidhi dereva mkononi.

"Ya nani hii, mzee?" dereva akauliza.

Tukashusha vikombe kusikia atakavyomjibu.

"Ya binti yangu," akasema Refa. "Usiiweke juani."