Bahari ya Bure kwa Mzee Hamudi

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza kuandika. Akili zikiwa nyingi lazima uzipunguzie mahali. Mwalimu wa kidato cha pili alisema nina kipaji cha maneno, cha masomo hana taarifa nacho. Nikaondoka shule na kipaji changu.

Habari kubwa: tunakwenda Mikindani kupumzika! Mama, dada yangu Rahima na mimi. Mama tangu azaliwe hapa Newala hajaikanyaga bahari. Kauona mto Ruvuma tu, tena kwa mbali, akiwa huku juu.

Jioni katoa pesa ya korosho iliyobaki, kaifunga mafundo mawili kwa vipande vya kanga. Fundo dogo la bahari. Fundo kubwa la kukodi mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na petroli yake. Kasema kubwa haliguswi hata mtu akizama. Mwaka juzi tulichelewa kupulizia, ugonjwa wa ubwiriunga ukamaliza maua, tukala muhogo mpaka tukaanza kufanana nao.

Fundo dogo kapewa Rahima. Rahima! Mtu anayehesabu vijiti vya kiberiti. Nikauliza kwa nini si mimi, mwanamume pekee wa nyumba hii. Mama akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu.

Jumatano, 11 Juni

Rahima kapiga simu gesti. Bei ya usiku mmoja inakula nusu ya fundo. Kashauri tuiache bahari. Hapo nikasimama. Kulala kwa pesa wakati tuna watani!

Mzee Hamudi wa Mikindani ni Myao, zamani alikuwa akija kununua korosho na kulala hapa hapa kwetu. Sisi Wamakonde. Siku ya kumzika Baba alitangulia kuingia kaburini, akajinyoosha, akasema nafasi imeshapata mwenyewe na hatoki bila kuku. Watu wakacheka huku wanalia. Mama hadi leo akikumbuka hucheka.

Mpango wangu: tunaingia kwake bila hodi, tunakalia kiti chake, tunakula samaki wake. Mtani hakasiriki. Bure kabisa! Mama akasema utani una pande mbili. Sikumsikia vizuri, nilikuwa naongea.

Akampigia simu mzee. Mzee akasema tuje, kama tunajua kuoga.

Kisha Mama akanituma nikaliweke fundo kubwa kwa jirani, Mama Furaha. Mwanamke yule akimeza siri, haikai tumboni. Nimelificha chini kabisa ya begi la Mama, juu nimeweka korosho za zawadi. Hakuna anayejua. Hivi ndivyo wanaume wanavyofikiri.

Alhamisi, 12 Juni

Tumefika. Niliingia na kelele, nikauliza kama Wayao wa nyumba hii wameshakufa wote au wanalala tu. Nikakalia kiti cha mzee, nikachukua samaki kwenye kikaango. Nyumba nzima ikacheka. Mzee Hamudi akaitikia shikamoo ya Mama, akasema yangu haitaki, inanuka muhogo. Raha! Nikamtazama Rahima ajue nani ana akili.

Ghafla Bi Pili, mke wa mzee, kalichukua begi la Mama, kalifungia chumbani kwake na ufunguo kautia kifuani. Katangaza begi ni mateka. Mama na Rahima ni wageni, wapumzike. Begi litakombolewa na huyu kijana mwenye mdomo: atafanya kazi zote za nyumba mpaka siku ya kuondoka.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Kisha nikakumbuka kilichomo ndani ya begi.

Nikisema kuna pesa, Mama atajua. Nisiposema, mikorosho yetu iko chumbani kwa Myao.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepasua kuni. Nimepaa samaki mpaka magamba yameingia masikioni. Bi Pili anasifia sana, halafu anaongeza ndoo nyingine.

Jaribio la kwanza: nimemwambia Bi Pili kuwa begini mna dawa za Mama. Akaenda kumuuliza. Mama akajibu haumwi hata kidole. Nikaongezewa sufuria za kusugua.

Jaribio la pili, wakati wanaume wako msikitini na mimi nimesingizia tumbo: dirisha la chumba. Lina nondo. Mkono ulipita mpaka kwenye kiwiko, kurudi ukakataa. Mzee Hamudi alirudi, akaingia chumbani, akaukuta mkono. Akausalimia. Akaupa kikombe cha chai ya moto, akasema mgeni hakai mkono mtupu. Ilibidi nikishike. Baadaye Rahima alinitoa kwa mafuta ya nazi, na mpaka sasa hajaniuliza nilikuwa natafuta nini. Hilo linanitisha kuliko angeuliza.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimetumwa ufukweni kufua mikeka, ndipo nikaiona bahari. Kubwa, ila haina adabu, imenilowesha suruali.

Mama alikuwa kakaa pale maji yanapoishia, miguu ndani, kanga imepandishwa kidogo. Haogelei, hasemi. Mtu ambaye huamka usiku kuwahi foleni ya bomba, maji yanakuja yenyewe kumwosha miguu, yanaondoka, yanarudi. Baadaye akasema, kama anajisemea, kwamba hajawahi kuona maji mengi hivi yasiyomdai ndoo.

Nikaendelea kusugua mkeka.

Rahima akamwambia fundo dogo karibu zima, tumenunua madafu tu. Mama akashusha pumzi. Akasema basi leo anaitazama bahari bila kuhesabu, maana fundo kubwa liko salama kwa Mama Furaha.

Nilitaka kumwambia. Mdomo nikaufungua kabisa. Akanigeukia akitabasamu, nikauliza kama anataka dafu lingine.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi Bi Pili kaleta begi. Korosho kazila zote, ni haki yake. Kisha akamwita Mama pembeni, akampa fundo kwa mikono miwili. Kasema kalikuta chini na hakulifungua. Kasema korosho zinatekwa, nguo zinatekwa, hata huyu kijana katekwa. Lakini pesa ya shamba haina mtani.

Mama akakitazama kipande cha kanga yake. Akanitazama mimi. Hakusema kitu Mikindani, hakusema Mtwara, hakusema Tandahimba. Ningepigwa ningeelewa.

Hata hivyo sikuondoka mnyonge. Wakati wa kuagana nilimkamata bata mweupe wa Bi Pili, nikamtia kwapani, nikatangaza naye ni mateka. Bi Pili akapiga vigelegele, akasema nimtunze vizuri, atakuja kumkomboa. Usiku nimemchinja. Watu wa pwani wanasema tu.

Jumanne, 17 Juni

Mama amezungumza. Kasema angalau gesti hatukulipa. Nikajibu unaona?

Juzi tulipofika tu kamlipa mwenye mashine kabla hata hajavua kanga ya kutokea. Atakuja Ijumaa. Imebaki petroli. Rahima anaumwa jino. Nikamwomba Mama anitume mimi, nimsafishie moyo. Akaniangalia sana. Kisha akanipa pesa mkononi, akanikunja vidole mwenyewe, kimoja kimoja. Kasema ananiamini, hataki kurudia. Karibu nilie. Niliandike hilo, maana sirudii.

Alhamisi, 19 Juni

Mzee Hamudi kapiga simu! Kesho wanakuja, watu saba, kumkomboa bata. Mama akauliza wanakula nini. Kisha akauliza mifupa ya bata nimeitupa wapi, wasije wakaiona.

Nikamwambia asihofu, anaye mwenye kichwa ndani ya nyumba. Nimeenda sokoni na pesa ya petroli. Nia ilikuwa safi. Lakini bata mweupe hakuna Newala nzima, yuko mweusi tu, na mwenye bata anajua kuona shida ya mtu na kupandisha bei.

Petroli nimenunua kwa pesa iliyobaki. Imefika nusu ya dumu, na kidogo. Nimewaza sana, nimepata jibu: mashine ianzie upande wa juu. Salfa ni vumbi, na vumbi halichagui mti. Mikorosho ya bondeni itapelekewa na upepo. Mama kashaanza kutandika mikeka ya wageni, sitamsumbua kwa mambo ya kitaalamu.

Bata yuko chumbani kwangu. Chokaa niliyompaka imeshika vizuri mgongoni. Mabawa anayakung'uta, lakini bado nina ndoo nusu.