Kompyuta ya Kumshinda Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Niwie radhi, shajara. Nimekutupa kwenye droo tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Niliapa sitaandika neno mpaka niwe nimechagua vipuri vya kompyuta yangu ya michezo. Sijachagua. Ila leo imenibidi kuandika, kwa sababu shemeji anahama.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Yeye alifundisha Hisabati, mimi lugha, shule moja, meza zinatazamana. Sasa anakwenda kuishi kwa binti yake, ng'ambo, moja kwa moja. Jumapili anakuja kuaga.

Shule yetu ilipopata kompyuta ya kwanza, ilifichwa stoo, kati ya maboksi ya chaki na madawati mabovu, isije ikaibwa. Ufunguo tukakabidhiwa sisi wawili, kwa kuwa tulikuwa watu wa kutegemewa. Kila jioni, madaftari yakishasahihishwa, tulishindana mbio za magari. Kibodi moja. Mimi herufi za kushoto, yeye mishale ya kulia. Viwiko vinagongana. Vumbi linaungua ndani ya mashine, na mpaka leo nikisikia harufu ile, naitafuta chaki mfukoni.

Jioni moja, mzunguko wa mwisho, mimi nikiwa mbele, kompyuta ikazima. Haikuwaka tena. Tangu hapo, kila harusi na kila msiba, shemeji huwaeleza watu kwamba alikuwa anakaribia kunipita.

Hakuwa anakaribia.

Mpango: nijenge mashine isiyoweza kuzima, nimkalishe hapa Jumapili, nimmalize mbele ya dada yake. Bajeti: pesa za miwani mipya. Miwani ya zamani bado inaona, mradi kitu kisiwe mbali wala karibu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa fundi wa kompyuta. Akauliza nataka kucheza nini. Nikaona haya kutaja vigari vya miaka ile. Nikasema: michezo mizito. Akafurahi kupita kiasi.

Alishauri tuanze na kadi ya picha, kwa kuwa ndiyo inayokula bajeti. Kisha prosesa, ubongo wa mashine. Kisha pawa saplai ya kuvipa vyote umeme. Kasha la kuviwekea liwe la mwisho. Nikamwuliza ni wapi alikoona watu wakinunua vitanda kabla ya kuwa na nyumba.

Hapo nikaliona. Nyuma ya mlango, chini ya waya chakavu: kasha la rangi ya maziwa, lenye swichi nene inayozama kwa kishindo, sawasawa na lile la stoo. Nikaibonyeza. Nikaibonyeza tena. Fundi akaanza kueleza kwamba hilo ni la zamani sana, mzee wangu, na vitu vya sasa... Nilikuwa nimeshalipa.

Mke wangu ameuliza ni paka wa nani aliyekufa, mbona nimeleta jeneza.

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi amekuja na kadi ya picha, ya mtumba lakini nzima, nikailipia. Ni ndefu kuliko kasha. Ilitokeza nje kama miguu ya mgonjwa kwenye kitanda cha mtoto. Akapendekeza tulikate kasha. Nikakataa katakata, nikamwambia aikate kadi. Akaifunga kadi kwenye gazeti, akaichukua tena kwa bei pungufu. Upungufu huo nimeuita ada ya ushauri. Pesa iliyobaki inatosha fremu ya miwani bila vioo.

Mke wangu ameweka vibanio vya nguo ndani ya kasha. Anasema walau sasa lina kazi.

Kesho kutwa ni Jumapili, na sina kompyuta.

Jumapili, 10 Agosti

Shemeji amefika na koti lile lile alilokuwa akivaa kwenye mahafali ya shule yetu. Kwapani, laptopu ya mjukuu wake, ya kuandikia kazi za shule. Hakuketi hata. Akasema dada yake amemweleza kwamba ninaunda mtambo wa kumwangamiza, naye akaona anirahisishie. Mchezo wetu ule, akasema, siku hizi unachezeka hata kwenye mashine ya karani, Mwalimu, wewe ulikuwa unajenga kiwanda cha kuchemshia chai?

Mke wangu alikuwa anaangalia dari.

Tukaketi. Akaniambia nisogee kushoto, mahali pangu. Kiwiko chake kikagonga changu, na kimekuwa chepesi, mfupa mtupu. Barabara sikuiona vizuri. Niliendesha kwa kukumbuka kona.

Mzunguko wa mwisho nilikuwa mbele. Narudia, kwa ajili ya kumbukumbu: nilikuwa mbele. Mstari wa mwisho ukatokea, mweupe, hata mimi niliuona. Nikaondoa kidole. Sijui kwa nini. Gari likasimama.

Shemeji hakunipita. Alisimama nyuma yangu. Akasema injini yake imechemka. Nikamwambia hata yangu.

Tukakaa hivyo, tukitazama magari mawili yaliyosimama. Mke wangu alipoleta chai akauliza kama kompyuta imeganda tena. Shemeji akamjibu kwamba ndiyo, dada, imeganda, hizi mashine hazina maana.

Jumanne, 12 Agosti

Ameondoka. Nilibeba sanduku lake mpaka kwenye teksi. Akiwa ndani alishusha kioo, akasema alikuwa anakaribia kunipita.

Leo nimerudi kwa fundi. Nimemweleza kwamba laptopu iliganda mbele ya mashahidi, na kwamba sasa nahitaji mashine yenye nguvu ya kukimbizana na mtu aliye ng'ambo. Akaanza tena na habari za kadi ya picha. Nikamkatiza. Nilikuwa nimeshaona makasha mawili dirishani, moja jeusi na moja la kijivu, yote yana swichi nzuri.

Miwani itasubiri. Nawe, shajara, rudi kwenye droo. Sitakufungua mpaka niwe nimeamua kati ya jeusi na la kijivu.