Pullover ya Yaya Dido Ndani ya Chambre Froide

Jamaa zangu, leo sina uso. Nilivaa pullover ya yaya wangu, sweta ya kaka yangu mkubwa, ya rangi za mtoto mchanga, nikaingia kwa miguu yangu mwenyewe ndani ya chambre froide, chumba cha kugandishia samaki, nikamwambia rafiki yangu afunge mlango. Hakuna aliyenisukuma. Hakuna aliyenishikia bunduki (na katika mji huu, siku hizi, hiyo ingekuwa sababu nzuri). Ni akili yangu tu.

Mwenye cyber ameshafungua madirisha yote kwa ajili ya harufu yangu. Acheni nieleze haraka kabla hajanifukuza.

Mnamjua yaya Dido, mkubwa wetu, aliyekwenda Urusi kusoma udaktari kabla waasi hawajashika mji. Sasa masomo yao yamefungwa, ni likizo ya baridi. Wenzake wote wamekwenda kwao. Yeye aende wapi? Mto umefungwa kwenda mji mkuu, barabara imekufa, ndege ni ya wafanyabiashara na wanajeshi. Amebaki kwenye nyumba ya wanafunzi, ghorofa nzima yeye na Mkameruni mmoja, na mashine ya kupasha moto vyumba imeharibika. Aliniandikia hivi: "Usimwambie mama, lakini tunalala na viatu."

Nikamwambia mama. (Najua. Najua!)

Mama hakulia. Aliinuka, akavuta valise ya chini ya kitanda, akatoa nguo zetu za utotoni. Mnawajua mama zetu. Jua la Kisangani linaweza kukaanga yai juu ya bati, lakini mtoto akizaliwa anavishwa kofia ya sufu, soksi za sufu na koti la sufu, utadhani maternité wanakozaliwa iko juu ya barafu. Sisi tuko watano. Mama alifumua zote, utoto wetu wote watano, akaanza kuzifuma upya ziwe pullover ya mwanaume mzima. Rose. Samawati. Manjano ya kifaranga. Na kola nyeupe, kama keki.

Leo asubuhi ikaisha. Na ilikuwa lazima iishe leo, kwa sababu tonton Assumani, jirani yetu mwenye duka la vitambaa, alikuwa anapanda ndege ya Kampala mchana, halafu Dubai, na kule Dubai mpwa wake anasafiri kwenda Urusi. Mtu mwingine mwenye safari ya namna hiyo tutampata baridi ikiisha.

Basi mama akainua pullover mbele ya dirisha, akaona mwanga unapita katikati ya nyuzi.

"Eeh. Hii inapitisha jua. Baridi ndiyo itashindwa kupita?"

"Mama, iko nzito kabisa. Mimi nikiiangalia tu natoka jasho."

"Wewe unajua baridi gani? Ile ya kuoga asubuhi?" Akaanza kutafuta ncha ya uzi. "Mutoto atavaa, atasema mama amenifunika, kumbe nimemudanganya. Hapana. Ninaifumua, ninafuma nyuzi mbili mbili."

"Na tonton?"

"Tonton aende."

Jamaa, mimi napenda mzaha, mnanijua. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaipata ncha ya uzi kwenye ile kola. Nikamwona yaya Dido amelala na viatu mpaka Pasaka. Nikampokonya pullover.

"Mama, usifumue! Ninaenda kuipima."

"Wapi?"

Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Nilifikiri hivi (naomba msicheke mapema): katika Kisangani nzima, baridi ya kweli iko mahali pamoja. Ni kwa mama Sifa, anayeuza samaki wa Isangi sokoni. Ana chambre froide kubwa kama chumba cha darasa, na leo, muujiza, courant ya umeme ilikuwepo. Tena Trésor, rafiki yangu, ni mtoto wake. Nikavaa pullover hapo hapo nikakimbia. Jua kali, sufu ya watoto watano, mimi ndani. Nilipofika nilikuwa nimelowa kama aliyetoka mtoni.

Trésor alikuwa peke yake, amekaa mlangoni. Mama yake alikuwa bandarini kupokea samaki. Aliniangalia kuanzia kola mpaka chini.

"Umezaa?"

"Nifungulie. Ninataka kupima Urusi."

"Na kaptula hiyo?"

"Ninapima pullover, sipimi kaptula. Nikigonga, unanitoa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema, akafunga. Bum.

Mwanzoni ni raha tupu. Jasho likapoa. Nilisimama katikati ya mafungu ya ngolo, wale samaki wenye ndevu, mimi na wao tunatazamana. Nikajikagua kama daktari. Kifua: bien. Mgongo: bien. Mikono: bien. Nikasema, mama, umeishinda Urusi!

Halafu nikakumbuka kwamba nina miguu.

Ile baridi haikuja polepole. Ilinishika magoti kama polisi. Vidole ndani ya kandambili vikawa vya mtu mwingine. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, kwa ngumi mbili. Kimya.

(Nilikuja kujua baadaye: jeep ya wanajeshi ilikata kona ya soko. Nanyi mnajua, jeep ikionekana, kijana wa Kisangani miguu inaondoka kwanza, akili inafuata. Trésor aliondoka. Alijikuta yuko nyuma ya kanisa, chini ya benchi.)

Mimi sikujua chochote. Nikaegemea fungu la samaki ili nipumzike, na hapo, jamaa, mambo yakageuka. Nilikuwa nimekuja kucheka. Lakini nikiwa pale nikafikiri: mimi nimekaa humu muda wa kula ndizi moja, na nimeshindwa. Yaya anakaa humu miezi. Analala humu. Anafungua kitabu humu. Halafu anaandika mistari mitatu ya utani ili mimi nicheke. Sijui machozi yalitoka wapi. Nikaanza kuita, kwa sauti kubwa, kama mtoto aliyepotea sokoni:

"Yaya Dido! Yaya wangu! Unavumilia namna gani, yaya?"

Mlango ukafunguka kwenye neno "namna".

Mbele yangu: mama Sifa na beseni la samaki. Nyuma yake: wanunuzi, msururu mzima. Na katika msururu, na kikapu chake, Clarisse. Ndiyo, Clarisse wa darasa letu, yule niliyemweleza Jumatatu kwamba mimi sijawahi kulia tangu nizaliwe.

Nywele zangu zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mama mmoja wa mbele akapiga kelele: "Maiti! Wameficha maiti!" Akatupa sahani, watu wakaanza kutawanyika.

"Simameni," akasema mama Sifa. "Maiti gani inavaa rose?"

Wakarudi. Wote. Nikajaribu kutoka kwa heshima, kichwa juu, kama mtu aliyekuwa na kazi mle ndani. Nikapita mbele ya mama Sifa. Nikapita mbele ya Clarisse. Nikasikia nyuma yangu:

"Eh, wewe! Na ngolo wangu unamupeleka wapi?"

Nikageuka. Hakuna kitu. Watu wakaanguka kwa kicheko. Ngolo alikuwa mgongoni! Jasho lilikuwa limeganda, likamgandisha samaki mzima kwenye sufu, kichwa juu, mkia chini, ndevu zake zimeshika nyuzi za manjano. Nilikuwa nimembeba kama mama anavyobeba mtoto.

"Mama Sifa, mimi si mwizi. Nilikuwa ninapima baridi ya yaya."

"Ninakujua, wewe mutoto wa mama Dido. Usimuvute, utapasua tricot ya watu! Twende kwa mama yako. Mimi na samaki yangu hatuachani."

Trésor akatokea, anahema. "Ametoka?" Mama yake akavua kiatu ampige nacho.

Tukaondoka hivyo: mimi mbele, ngolo mgongoni, mama Sifa nyuma ya ngolo, na watoto wa soko nyuma ya mama Sifa wakinifanya Baba Krismasi, wakiimba "Papa Noël wa samaki! Papa Noël wa samaki!" Clarisse hakuimba. Alitembea pembeni yangu mpaka kona ya kwao, halafu akasema taratibu: "Yaya wangu pia yuko mbali." Akaingia kwao. (Sijui kama hiyo ni mbaya au nzuri. Nishaurini.)

Nyumbani tonton Assumani alikuwa amesimama uani na valise yake, anatazama saa. Mama alikuwa mlangoni. Aliniona. Akaona barafu inayodondoka. Akaona ngolo. Jambo la kwanza alilouliza, jamaa, halikuwa samaki.

"Ulisikia baridi?"

"Kwa miguu, mama. Kwa miguu ilikuwa mbaya sana. Lakini pale ulipofuma, haikupita. Ninaapa. Usifumue."

Akaweka kiganja chake ndani ya kola, juu ya kifua changu. Kifua kilikuwa na moto. Akaacha kiganja pale. Kisha yeye na mama Sifa wakamtoa yule ngolo polepole, unywele kwa unywele, wakanivua pullover. Ilikuwa inanuka. Jamaa, ilikuwa inanuka bandari nzima ya Isangi.

"Mama Dido," akasema tonton, "mule ndani ya valise iko kanzu zangu za sala."

"Nikiifua haitakauka, Assumani. Afazali anuke na apate moto."

Tonton akatazama pullover, akanitazama mimi na magoti yangu yanayogongana. Akaomba mifuko ya plastiki. Akaifunga, akaifunga tena, akaifunga tena.

"Wakiniuliza kule aéroport, nitasema ni dawa," akasema. Akaenda. Imeenda, jamaa! Sasa hivi iko angani.

Mama Sifa naye akamtazama ngolo wake, amelainika, ndevu zimejaa nyuzi za manjano. Akamkabidhi mama. "Pikeni tu. Huyu mwenye ndevu za sufu nitamuuzia nani?"

Walipoondoka wote, mama akapasha mafuta ya ngazi, yaani mawese, akanikalisha kwenye mkeka, akaanza kunikanda miguu kama anavyokanda mtoto mchanga. Nilisubiri ukali. Haukuja.

"Wanasema ulilia mule ndani."

"Kidogo tu, mama."

Akakanda mguu wa kulia. Akakanda wa kushoto. Akavuta vidole vyangu kimoja kimoja, na hakuniangalia usoni. Halafu akasema, na ninawaandikia vilevile alivyosema:

"Bon. Wewe, utasomea hapa hapa Kisangani."